Mgeni wa Siku ya Pili

Nchi nitakayoisimulia hapa haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utakuta mahali pake pamekaliwa na nchi nyingine, labda hiyo unayoishi wewe, na hapo usinilaumu mimi. Mimi nilikuwa mpishi tu wa Waziri, na mpishi haulizwi habari za ramani. Nitasema niliyoyaona jikoni, sebuleni na shambani, na yale niliyosimuliwa na mama mmoja aitwaye Zawena akichambua mchele karibu na jiko langu. Penye uchungu nitasema kwa uchungu, maana hasira ya mambo haya bado ninayo tumboni.

Waasisi wa nchi hiyo walikuwa watu wa haraka. Siku ya kuandika katiba, mwanasheria waliyemwagiza kutoka ng'ambo alichelewa, na pilau ilikuwa inapoa. Basi wakaandika methali. Kila mmoja alitoa aliyofundishwa na bibi yake, zikapigiwa kura moja moja, na kufika adhuhuri nchi ikawa na katiba. "Haraka haraka haina baraka" ilikataliwa kwa kura nyingi. Tangu hapo kwetu methali si pambo la mazungumzo. Methali ni sheria, ina kifungu chake na ina kifungo chake.

Juu ya wageni katiba ilisema mambo mawili makubwa. La kwanza, mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe hilo halikuwa mzaha. Mtu aliyepewa jembe la serikali alipewa na kipande cha ardhi, akawa mwenzetu kuanzia siku hiyo: analima pake, anajenga pake, anazikwa pake. Kabla ya jembe yeye ni mgeni, lazima alishwe, alazwe pazuri, na kumfukuza ni uhaini. Ni sheria nzuri sana. Iliendelea kuwa nzuri mpaka alipokabidhiwa Mheshimiwa Mkarimu Shibe, Waziri wa Ukarimu na Mapokezi, aitunze.

Mheshimiwa Shibe alikuwa na sauti tamu kuliko asali ya nyuki wadogo, na kila asubuhi aliimwaga redioni. "Njooni," alisema. "Nchi yetu ni pana na mioyo yetu ni mipana zaidi. Kila mgeni wa nchi hii ni mgeni wangu mimi. Nyumba yangu ni nyumba yake, sahani yangu ni sahani yake." Nami huku jikoni nilikuwa nakoroga uji wake wa ulezi, najivunia kumpikia mtu kama huyo.

Redio hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya mpaka, kwenye nyumba ya mkulima wa vitunguu aitwaye Shomari na mkewe Zawena. Kwao mto ulikuwa umekauka, na serikali yao ilikuwa imeunda kamati ya kuukana mto huo. Wakaanza kupanga safari. Walipanga kama watu wenye akili wanavyopanga: waliuza kitanda wakalala chini, waliuza mbuzi, wakabishana juu ya kinu. Zawena alitaka kibebwe, Shomari akasema huko waendako watakuta vinu. Yeye mwenyewe alishona mbegu za vitunguu kwenye pindo la koti lake, akawa analivaa hata juani ili asilisahau.

Shangazi yake alimwonya. "Shomari mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Shangazi," alijibu, "mbachao wenyewe umeshaliwa na mchwa. Tumekalia nyuzi."

Wakaja. Mpakani walipokewa kwa shada la maua na wimbo, na ofisa mmoja mwenye tabasamu akawapa nguo nyeupe, kwa kuwa katiba yetu, ukurasa wa nyuma kabisa, inasema mgeni ni kuku mweupe. Wakavaa. Walilishwa wali siku ile na siku iliyofuata, wakalazwa kwenye magodoro. Zawena aliniambia kwamba usiku wa pili Shomari hakupata usingizi kwa furaha, alikuwa anapima kwa vidole atakavyopanga matuta.

*

Asubuhi yake wageni wote walipangwa mstari mbele ya jukwaa. Mheshimiwa Shibe alipanda, akafuta jasho ambalo halikuwepo, akasema hivi. Nilikuwa pembeni na birika la chai, nimesikia kila neno.

"Ndugu wageni wapendwa, serikali inatambua kiu yenu ya jembe. Serikali yenyewe inaona kiu hiyo hiyo. Lakini tusiendeshwe na hisia, tuendeshwe na utaalamu. Siku ya tatu ni nini? Wataalamu wangu wamejifungia hotelini, wamekula na kufikiri, wakabaini kwamba siku ya tatu ni ile siku ambayo mgeni hupewa jembe. Sasa niwaulize. Mmepewa jembe?"

"Hatujapewa," walijibu.

"Basi leo si siku ya tatu. Hili halihitaji shule."

Shomari alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, tutapewa lini?"

"Siku ya tatu," alisema Waziri kwa upendo mkubwa, na watu wake wakapiga makofi.

Basi wageni wakabaki siku ya pili. Jua lilichomoza na kuzama, masika yakaja na kuondoka, watoto waliokuja mgongoni wakaota meno na kuyang'oa, na kisheria bado ilikuwa siku ya pili. Wali uligeuka uji, na uji ukapewa jina la ukarimu wa awali. Magodoro yalikwenda kufuliwa hayakurudi.

Halafu Mheshimiwa akagundua jambo jingine. Mgeni hawezi kuajiriwa, kwa kuwa hana jembe. Lakini mgeni mwenye adabu hujitolea kusaidia kazi za mwenyeji wake, nani asiyelijua hilo? Na mwenyeji wao, kama alivyosema mwenyewe redioni, alikuwa yeye. Alikuwa na pori nyuma ya kilima. Kila alfajiri nyapara aligawa majembe, na kila jioni aliyakusanya, yakaoshwa, yakafungiwa stoo. Wageni walipouliza kama sasa wamepewa jembe, walijibiwa kwamba jembe la kuazima si jembe la kupewa. Walilima hivyo, na nguo zao nyeupe, na aliyechafuka alikatwa uji kwa kutoheshimu katiba.

Pori likawa shamba la mpunga, likawa na nyanya, likawa na bustani ya vitunguu ambayo sijaona mfano wake. Vitunguu vile vilitoka kwenye pindo la koti la Shomari. Nyapara alimwambia apande, ataangaliwa siku ya tatu. Nilivikaanga mwenyewe kwenye mchuzi wa Waziri, vitamu, na Waziri akasema, "Mpishi, mkono wako umebarikiwa."

Shomari alianguka kwenye matuta hayo adhuhuri moja ya kiangazi, jembe mkononi. Nyapara alikuja mbio. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa jembe mkononi mwake, akaliangalia kama mpini haujapasuka, akaliweka pembeni kwa uangalifu. Ndipo akamwangalia mtu. Mtu alikuwa amekwisha kufa. Naandika haya, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Zawena aliomba kaburi hapo hapo alipoangukia. Waziri alimpokea kwa huzuni ya kiserikali, leso nyeusi mfukoni.

"Mama, serikali inalia pamoja nawe. Lakini mgeni hazikwi. Mgeni husindikizwa. Ndiyo mila zetu, au kwenu hamsindikizi wageni?"

Wakamsindikiza. Ilikuja bendi ya tarumbeta, na Waziri akatoa hotuba kwamba marehemu ametutoka akiwa bado kijana wa siku ya pili. Walipofika mpakani, serikali ya kwao Shomari ikakataa kumpokea, ikasema huyu aliaga mwenyewe. Jeneza likakaa kati ya vizuizi viwili mpaka tarumbeta zikachoka. Mwishowe askari wa pande zote mbili, kwa aibu zao, wakamfukia kwenye ule ukanda usio wa mtu, mahali malori yanapogeuzia. Zawena alitazama akiwa upande wetu. Angevuka kumtupia hata konzi ya udongo, angeanza upya kuwa mgeni wa siku ya kwanza.

Aliporudi alipitia jikoni kwangu. Hakuwa analia. Aliketi juu ya kinu changu, akaniuliza, "Mpishi, nyumba ya Waziri ina vyumba vingapi?"

*

Zawena alikuja nyumbani kwa Waziri kesho yake saa mbili asubuhi, amevaa nyeupe, na kifurushi chake kichwani. Mheshimiwa alikuwa mezani na mkewe, Bi Adimu, mwanamke aliyehesabu vipande vya nyama hata kwenye ndoto.

"Hodi," alisema Zawena.

"Karibu," alisema Waziri, kwa mazoea tu.

"Ahsante. Nimekuja kukaa. Mimi ni mgeni wa siku ya pili, na umetuambia nyumba yako ni nyumba yangu."

Waziri alicheka. "Mama, ile ni lugha ya redio."

"Mimi sijui lugha ya redio, Mheshimiwa. Nyumbani kwetu mtu akisema njoo, tunakwenda."

Waziri akamwita askari wa lango, akamwambia amtoe nje. Askari yule alikuwa mtu mwerevu, tena mwaka ule ule alishuhudia majirani wawili wakifungwa kwa sababu ya Waziri huyu huyu. Mmoja alimfukuza mgeni. Mwingine alisikia hodi, hakuongeza maji kwenye chai.

"Mheshimiwa," alisema askari akiwa amekakamaa, "naomba amri hiyo uirudie kwa sauti, na jina la mgeni ulitaje, niite na mashahidi."

Waziri alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akasema, "Muonyesheni chumba."

Jamani, dawa ya moto ni moto. Zawena hakutukana mtu, hakuvunja hata kikombe. Alikuwa mgeni mwenye adabu kamili, na ndiyo iliyowaumiza. Akipewa chai alishukuru, akaomba maandazi. Akipewa maandazi alishukuru, akauliza kama nyumba hii hawatumii hiliki. Chumba cha kwanza kilikuwa na joto, akahamishiwa cha pili, na cha pili kilikuwa na mbu, akahamishiwa kwenye chumba chenye kitanda cha Waziri, kwa kuwa katiba inasema mgeni alazwe pazuri, na pazuri kuliko hapo hapakuwepo.

Na firigisi. Mheshimiwa Shibe alikuwa mtu wa firigisi. Kila kuku aliyechinjwa kwake, firigisi ilikuwa yake tangu alipooa, na ilisemekana hata ndoa aliikubali baada ya kuuliza habari hiyo. Lakini firigisi ni ya mgeni, kila mtu anajua. Mchana wa kwanza niliitia kwenye sahani ya Zawena. Aliitazama, akaichukua kwa vidole viwili, akainama, akampa paka. Waziri alikuwa anatazama na kijiko kimeganda hewani.

"Mama," alisema, "kama huipendi..."

"Naipenda sana," alisema Zawena. "Paka naye anaipenda."

Alifanya hivyo kila mchana. Paka alinenepa mpaka akashindwa kuruka dirisha. Nami nakiri kwa moyo mweupe, nilianza kuchagua kuku wenye firigisi kubwa.

Kisha akawaita wenzake. Katiba haikusema mgeni wa Waziri asizidi idadi gani. Wakaja familia baada ya familia, weupe kama ndege wa kwenye mpunga, hodi, karibu, hodi, karibu. Walijaa sebuleni, wakajaa barazani, na shambani hakubaki wa kuazima jembe hata mmoja. Mpunga ulikauka ukisubiri msaada. Bi Adimu alikwenda kwa kaka yake kupumzika, akabeba na vijiko vya fedha ili navyo vipumzike. Waziri alilala ndani ya gari, miguu nje. Alikiona cha mtema kuni, na mimi nilikuwa nakiona pamoja naye kwa furaha.

Asubuhi moja aliingia jikoni na jembe jipya, limefungwa utepe.

"Mama Zawena, chukua. Nakuomba."

Zawena hakuacha kuchambua mchele. "La kuazima au la kupewa?"

"La kupewa kabisa."

"Leo siku ya ngapi, Mheshimiwa?"

"Ya tatu."

"Siku ya tatu ni ile ambayo mgeni amepewa jembe. Mimi bado sijapewa."

"Si ndiyo nakupa sasa?"

"Sasa ni siku ya pili. Unataka nipokee jembe siku ya pili, nivunje katiba ya watu?"

Waziri aliketi juu ya gunia la mchele. Wataalamu wake wote wa hotelini hawakuwepo kumsaidia. Alikaa hapo mpaka nikalazimika kumwomba asogee, kwa maana nilitaka kupika.

"Unataka nini?" aliuliza mwishowe.

"Hao walioko barazani wape wao kwanza. Tangaza redioni kwamba siku ya tatu ni inayofuata siku ya pili, kama watoto wanavyojua. Na uwape ardhi."

"Ardhi ipi? Serikali haina ardhi karibu."

"Ile tuliyokusaidia."

Alitangaza. Sauti yake siku hiyo haikuwa na asali. Familia moja moja zikapewa jembe na kipande cha shamba lake, mpaka likaisha lote, isipokuwa matuta machache ya vitunguu ambayo Zawena alisema yaachwe. Waliopewa waliaga kwa adabu, wakabeba mikeka yao. Akabaki Zawena peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa amesema atakuwa wa mwisho, na kitandani pa Waziri hakutoka.

*

Ndipo Mwenyeji Mkuu, yaani mkubwa wa nchi, alipotaka kuja kula chakula cha mchana aone vituko hivi alivyovisikia. Nilichinja kuku bora. Mwenyeji Mkuu naye, msomaji, alikuwa mtu wa firigisi. Hata picha yake ya ofisini alikuwa ameishika. Lakini cheo chake kilimponza. Kisheria yeye ni mwenyeji popote nchini, hawezi kuwa mgeni wa mtu yeyote. Mgeni mezani alikuwa mmoja tu.

Niliiweka kwenye sahani ya Zawena. Mwenyeji Mkuu alisubiri isogezwe kwake. Zawena akainama, akampa paka. Sote tukamsikia paka akitafuna.

"Mpeni huyu mama jembe lake leo hii," alisema Mwenyeji Mkuu akiinuka, "na hayo matuta anayoyataka." Hakunawa hata mikono. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mkarimu Shibe amepumzishwa ili apate muda wa kukaa na familia yake. Mahali ilipo familia hapakutajwa, maana hata yeye alikuwa hapajui.

Nyumba ile ilikuwa ya serikali. Alitolewa na sanduku moja, na kwa kuwa mtu asiye na nyumba wala ardhi ni mgeni, akapewa nguo nyeupe. Alibisha mlango baada ya mlango kwenye mtaa wa wakubwa wenzake. Kila alipopiga hodi, mfanyakazi alichungulia akasema wenyewe wamekwenda msibani. Mtaa mzima ulikuwa umefiwa siku moja.

Akafika shambani kwa Zawena jua likiwa utosini. Nilikuwepo, nami nilikuwa nimemwaga unga siku ile ile, nikaenda kuomba kazi huko.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mzee," alisema Zawena.

Siku ya kwanza alimpa wali. Siku ya pili alinituma nichinje jogoo, akaichukua firigisi yeye mwenyewe, akaiweka katikati ya sahani ya Shibe. Yule mtu aliitazama, machozi yakamtoka mpaka kwenye wali.

"Umenisamehe, mama. Mungu akubariki."

Zawena alichukua upawa. Alimwongezea mchuzi.

Alfajiri ya siku ya tatu alimwamsha, akamtia jembe mikononi. Shibe alitabasamu, akadhani naye amekuwa mwenyeji, akaanza kushukuru kwa maneno marefu ya jukwaani. Zawena alimpeleka kwenye matuta ya vitunguu, mahali alipoangukia Shomari. Vigingi vinne vilikuwa vimekwisha kupigwa ardhini. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka, palikuwa na shuka jipya, na ndani ya shuka Shomari mwenyewe. Majirani walikuwa wamevuka jana yake kwenda kumtoa kule wanakogeuzia malori, nao sasa walikuwa wamesimama pande zote, watu wazima waliowahi kulima hapo kwa majembe ya kurudisha.

"Nilime hapa?" aliuliza Shibe.

"Chimba," alisema Zawena.

Alichimba. Mwanzoni aliongea, akasema juu ya mchango wake kwa taifa, lakini udongo wa kiangazi haupendi hotuba. Viganja vikafura, vikapasuka. Aliomba maji akapewa. Aliomba kupumzika, hakuna aliyejibu, wala hakuna aliyemzuia. Alitazama zile nyuso akaendelea mwenyewe. Mimi nilimtazama kila jembe liliposhuka, na sikuona huruma hata chembe, na sijaitafuta tangu siku ile.

Shimo lilipomfika mabegani, aliegemeza jembe kwenye ukuta wa shimo, akatazama juu. Akanyoosha mkono avutwe. Ule mkono ulikaa hewani, umejaa udongo na damu, na hakuna aliyeushika. Kisha nikaona anateremka taratibu kukaa chini, kichwa kimeegemea upande, macho yanafumba.

Zawena alisogea mpaka ukingoni.

"Mzee, toka humo," alisema. "Hapo ni pa mtu aliyefanya kazi."